Mtu wa Mwisho Kumwona Kidoti

Jumatatu, 3 Machi

Wateja wanne tu leo. Jumatatu ya kawaida huwa kumi, hata kumi na wawili. Sababu naijua — redio ya jana.

Kipindi chenyewe kina wiki ya tatu. Kila Jumapili mchana mtangazaji anafungua simu, watu wanapiga: nani alimuua Kidoti? Miaka sita imepita tangu mtoto yule apotee akitoka shule, akapatikana siku ya pili nyuma ya ghala bovu. Alikuwa na miaka tisa. Mpaka leo hakuna aliyekamatwa. Sasa kila mwenye simu amekuwa mpelelezi! Jana akapiga mwanamke mmoja, sauti laini kama anaulizia kitambaa cha gauni. Akasema, mtu wa mwisho kumwona yule mtoto ni kinyozi wa njia ya shule, mbona hakuna anayemgusa?

Kinyozi ni mimi.

Walinigusa, dada yangu. Mara tatu niliitwa kituoni, na mara ya tatu nilikaa tangu asubuhi hadi jua likazama. Nilisema ninachokijua: saa kumi alasiri alisimama mlangoni kwangu, akajitazama kwenye kioo, akaenda zake. Wakaandika. Wakaniruhusu.

Hata hivyo, asante Mungu kwa hao wanne. Mmoja wao masikio hayasikii, redio haimhusu. Ndiye aliyeniaga kwa furaha kuliko wote.

Jumanne, 4 Machi

Mteja mmoja. Tuseme nusu!

Aliingia saa nne, baba mnene anayeuza matairi. Nikamfunga kitambaa, nikaanza upande wa kushoto, tukawa tunazungumza habari za mpira. Nimefika utosini, simu yake ikalia — meseji. Akasoma. Akanitazama kwenye kioo. Akasoma tena. Halafu akasema amekumbuka kuna mzigo unamngoja. Nikamwambia, ndugu yangu, bado nusu kichwa. Akasema itatosha. Itatosha! Akavua kitambaa mwenyewe, akatoka barabarani hivyo hivyo, huku kipara, huku msitu.

Nilipomsimulia mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi pia nilicheka. Tukacheka muda mrefu, kisha nikaona mabega yangu yanatikisika na si kicheko tena. Akazima jiko, akaja kukaa karibu nami. Hakusema kitu. Miaka thelathini na moja ya ndoa, na bado anajua lini asiseme kitu.

Alhamisi, 6 Machi

Binti yetu kapiga simu kutoka kazini kwake, mbali huko. "Baba, usiingie kwenye yale magrupu ya simu." Nikamwambia siwezi kuingia, sijui hata mlango wake uko wapi. Lakini nikamlazimisha anisomee. Alisoma kidogo, akawa anakohoa kila anapofika pabaya.

Mmoja kasema eti nachoma nywele za wateja nyuma ya duka, kwa nini nazichoma? (Nifanye nini nazo, nizipike?) Mwingine kasema mimi hucheka sana, mtu asiye na kitu moyoni hachekicheki. Mwingine kajibu kwamba yeye hajawahi kuniona nikicheka, na hiyo ndiyo dalili. Mmoja amehesabu hatua kutoka dukani kwangu hadi ghalani. Ameenda kweli, kwa miguu yake, akahesabu.

Asubuhi nilikuta mlango wa duka umelowa, unanukia sabuni. Nikajua. Mke wangu alitangulia kupita akienda kazini kwa dobi, akakuta maandishi ya chaki, akayafuta. Nilipomuuliza yalisemaje, akajibu kwamba mwandiko ulikuwa mbaya.

Leo hakuingia mtu. Nimenoa wembe ambao hauhitaji kunolewa, kisha nikauficha kwenye droo. Wasije wakasema nanoa wembe.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike polepole. Sitaki kusahau hata kidogo.

Saa tatu asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe, cha wateja. Kivuli kikaziba mlango. Baba Kidoti! Fundi bomba, na mkoba wake wa spana begani. Miaka sita tumekuwa tukisalimiana kwa kichwa tu, kila mmoja upande wake wa barabara.

"Kiti kina mtu?" akauliza.

Nikaruka kama nimekalia moto.

Akaketi. Nikataka kurudishia mlango, kwa maana watu walishaanza kusimama nje. Akasema, "Acha wazi. Milango yote miwili." Kisha akaegemeza kichwa nyuma, koo juu. "Ndevu. Kwa wembe, si kwa mashine."

Nikapaka povu. Nikashika wembe, nikauweka chini, nikafuta viganja, nikaushika tena. Yeye kafumba macho. "Tulia, ndugu yangu. Mimi sina haraka." Nje palikuwa na watu kama ishirini, na hata mtoto mchanga hakulia.

Nikiwa shavuni akaanza kuzungumza, chini chini, macho bado kafumba.

"Mwaka ule wa kwanza nilidhani ni wewe."

Nikasimamisha wembe.

"Endelea tu. Nilikufuata siku nne. Nilivaa kofia ya shemeji yangu. Unafunga duka, unanunua mkate, unaenda nyumbani. Siku ya pili mkate, nyumbani. Ya tatu mkate, nyumbani. Siku ya nne mvua ikanyesha, ukavua koti ukafunika mkate, wewe ukalowa. Nikarudi kwangu. Nilipaswa kuja kukwambia wakati ule ule. Sikuja. Nisamehe."

Ananiomba mimi msamaha! Nikanyoa.

Nilipofika chini ya kidevu akaniuliza, siku ile alisemaje? Nikamwambia yote yamo kwenye karatasi za polisi. Akasema karatasi amezisoma, zimeandika saa na rangi ya sweta. Yeye anataka kujua alisemaje.

Basi nikamwambia. Kwamba Kidoti alisimama mbele ya kioo, akavuta mdomo kwa vidole, akanionyesha pengo. Jino la juu lilikuwa limetoka darasani. Alikuwa nalo limefungwa kwenye kikaratasi. Akaniambia nisimwambie mama yake nikikutana naye, anataka afike nyumbani, aombe kipande kigumu cha mkate, ajifanye limeng'oka pale pale, amshtue. Aliifanyia mazoezi mbele yangu, ile sura ya kushtuka. Mara mbili. Nikacheka, nikamwambia wahi nyumbani.

Niliwaeleza polisi. Hawakuandika habari ya jino.

Baba Kidoti alifumbua macho. Povu bado lilikuwa kwenye shavu moja. Akacheka — kicheko kidogo, kilichokwama, kikatoka tena. "Huyo ndiye mwenyewe," akasema. "Huyo kabisa." Machozi yakapita kwenye povu yakaacha njia. Nilisubiri mpaka alipotulia, nikamalizia. Nikamwosha uso kwa maji ya vuguvugu kama ninavyomwosha bwana harusi.

Mlangoni akanipa mkono mbele ya watu wote, hakuuachia upesi. Akasema anaenda nyumbani kumsimulia mama yake Kidoti. Na Jumamosi ijayo nimwekee nafasi.

Nimeshukuru leo mpaka maneno yameisha.

Jumapili, 9 Machi

Amepiga simu redioni, yeye mwenyewe! Mke wangu alikuwa anapiga pasi shati langu, akaliacha, likaungua kola. Baba Kidoti akasema: mwacheni kinyozi. Nimeweka koo langu mkononi mwake na nimerudi nyumbani salama. Mtangazaji akakohoa, akauliza, basi wasikilizaji, kama si kinyozi, ni nani?

Mke wangu akazima. Tukala chakula cha mchana na majirani wawili waliokuja wenyewe, na mmoja alibeba kuku mzima. Ninavaa shati hili la kola iliyoungua mpaka lichakae.

Jumatano, 12 Machi

Duka limejaa! Benchi haikutosha, wengine walikaa kwenye ndoo. Na nani kaingia saa tano? Baba wa matairi, kofia imevutwa mpaka masikioni. Akasema hakuna kinyozi aliyekubali kumalizia kazi ya mwenzake. Nikamuuliza, nusu ipi leo? Duka zima likavunjika mbavu, naye akacheka kuliko wote, akaniomba radhi. Nikamnyoa vizuri kweli.

Moyo wangu ulikuwa mweupe. Niliwapenda wote. Pengine ndiyo maana.

Kijana mmoja wa benchi akauliza, mzee, wewe ulikuwepo siku ile. Hukuona mtu yeyote? Wote wakanigeukia — kwa heshima, kama mimi ni mtu wa maana. Nikasema tu, Mpiga Picha alifunga duka mapema siku ile.

Basi. Ni kweli, hata polisi niliwaambia. Duka lake la picha linatazamana na langu, nililiona linafungwa kabla ya saa tisa. Nikaendelea kunyoa. Lakini nilisikia vidole kwenye simu.

Alhamisi, 13 Machi

Wateja wengi. Sina la kuandika.

Ijumaa, 14 Machi

Ninalo.

Binti kapiga simu. Magrupu yote yanasema: "Kinyozi mwenyewe amethibitisha." Sasa wanauliza ilikuwaje Mpiga Picha awe na picha ya Kidoti, ile inayotumika kila mahali. Aliwapiga picha darasa zima! Kila mwaka aliitwa na shule! Wanauliza kwa nini hajaoa. Wanauliza chumba chake cha nyuma kwa nini kina giza. Jana jioni wamevunja kabati la vioo la picha mbele ya duka lake, mabibi harusi na watoto wachanga wametapakaa barabarani.

Mke wangu alinisubiri mezani. "Ulisema?"

"Nilisema ukweli."

"Na yule wa redioni alisema ukweli. Kwamba wewe ndiye wa mwisho kumwona."

Nikamjibu kwamba hayo ni mambo mawili tofauti. Akaniuliza, tofauti yake iko wapi? Akasubiri. Akauliza tena, polisi walimhoji Mpiga Picha kuhusu saa aliyofunga, alijibu nini? Nikasema sijui. "Basi ungewaambia hivyo," akasema. Hakufoka. Akaniwekea chai. Namshukuru kwa chai, na kwa swali pia.

Jumamosi, 15 Machi

Naandikia dukani, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Umeme umekatika na mashine imekufa. Watu watano walikuwa kwenye benchi. Sasa yuko mmoja.

Mpiga Picha.

Aliingia, akasalimia. Wale watano wakainuka, huyu kakumbuka hili, yule kakumbuka lile. Akaketi mwisho wa benchi. Mkono wa kulia umefungwa bandeji — vioo, wakati akiokota picha zake. Kaniambia nimpunguzie pembeni tu. Kisha akasema:

"Simu nimeizima tangu juzi, sitaki kujua wanaandika nini na nani kaanza. Nikajiambia niende kwa kinyozi. Yeye yamemfika. Yeye hawezi kuwa mmoja wao."

Nimemjibu nini? Nimemjibu asubiri umeme.

Anadhani naandika oda ya vifaa. Amekaa kama nilivyokaa mimi wiki iliyopita, magoti pamoja. Ningependa kumuuliza kwa nini alifunga mapema siku ile, na sina haki hiyo. Sijui kama ana jibu. Sijui kabisa. Neno dogo hivyo, na Jumatano halikunitoka.

Baba Kidoti anavuka barabara, taulo begani. Saa yake imefika. Sasa kamwona aliyeko kwenye benchi. Amesimama katikati ya barabara, gari linampigia honi. Anakuja. Ameingia. Ametoa mkono — wa kulia, kisha kaona bandeji, katoa wa kushoto. Ameketi karibu naye, bega kwa bega, maana benchi ni fupi.

Taa imewaka. Mashine inanguruma, niliisahau bila kuizima. Mpiga Picha anainuka aje kitini. Nimemwomba akae kwanza nimalize mstari huu, kisha nina neno na wote wawili. Wananitazama. Nitaanza hivi: Jumatano, hapa hapa, ni mimi niliyesema duka lako lilifungwa mapema.