Barua Iliyotoka na Kichwa Kisicho Chake

Chumba cha kupanga,
Nyuma ya duka la viatu,
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkaza mjomba na binamu zangu wote wawili. Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema huwezi kuinama juu ya meza ya kazi zaidi ya saa moja, na kwa fundi redio hiyo si habari njema. Mimi ni mzima wa mwili. La kichwa nitalieleza hapa chini. Nilipokupigia wiki ile sikulisema. Niliishia kuzungumzia mvua.

Hii ni mara ya tatu naandika. Barua ya kwanza niliipoteza, ya pili niliiacha katikati.

Kama unavyojua, tangu Oktoba niko kwenye majaribio katika masjala, chumba ambamo barua zote za ofisi hupokelewa, huwekwa kwenye mafaili na kujibiwa. Majaribio yanaisha mwisho wa mwezi huu. Mkuu wetu tunamwita Mama Muhuri, kwa sababu muhuri wa ofisi haumtoki mkononi hata akienda kunywa chai. Mimi wenzangu wananiita Hewani. Asubuhi mmoja huuliza, "Jamani, Hewani amefika?" Mwingine hujibu, "Mwili umefika, mengine yako njiani." Nacheka nao.

Mwezi uliopita nilikuwa naiandikia kampuni iliyotutengenezea makabati, kuuliza lini watakuja kurekebisha droo zisizofunga. Nilipofika kwenye mstari wa Yah, pale panapotajwa barua inahusu nini, nikakumbuka kwamba unaumwa na sijakupigia. Najijua: wazo nisipolishika papo hapo linapotea. Nikaliandika palepale kwa herufi kubwa, YAH: KUMPIGIA SIMU MJOMBA, nikikusudia kulifuta baada ya dakika moja. Sikulifuta. Mama Muhuri aliisaini pamoja na rundo la nyingine, muhuri ukagongwa, barua ikaondoka.

Jibu lilikuja baada ya siku nane. Nalinakili kama lilivyo: "Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu. Tumepokea barua yenu kuhusu kumpigia simu mjomba. Tunasikitika kuwafahamisha kuwa mjomba huyo hayumo katika kumbukumbu zetu. Kuhusu droo, fundi atafika Jumanne."

Chumba kizima kilicheka mpaka mhudumu wa chai akaweka sinia chini. Mama Muhuri hakucheka. Aliniita ofisini kwake, akafunga mlango.

"Sahihi hii ni ya nani?"

"Ni yako, mama."

"Basi anayemtafuta mjomba ni mimi. Hili ni kosa la ngapi?"

Nikasema la saba.

"La tisa. Mimi nahesabu." Kisha akasema, kwa sauti ya chini kidogo, "Wewe si mjinga. Ungekuwa mjinga ningeshajua la kufanya. Nenda ukaonane na mtaalamu, halafu uniletee maelezo yake ya maandishi."

Amenipa hadi tarehe 28. Bila maelezo hayo hatanipendekeza nithibitishwe kazini.

Nilikwenda kwa mtaalamu wa saikolojia. Chumba chake kina viti viwili, dirisha, na saa iliyotundikwa nyuma ya mgeni, ili mgeni asiiangalie. Alisema huenda nina hali ambayo wataalamu huiita ADHD. Nilimbishia. Nilisema hiyo ni ya watoto watukutu wanaopanda juu ya madawati, na mimi shuleni nilikuwa kimya. Akaniuliza, "Na ndani, kulikuwa kimya?" Nikaacha kubisha.

Alivyonieleza, umakini ninao, tena mwingi, ila hauji unapoitwa. Unakwenda unakotaka na kurudi ukitaka. Watu hudhani ni uzembe, na mwenye hali hii huishia kudhani hivyo pia.

Tumeshakutana mara nne. Hakuniambia nijitahidi zaidi. Ushauri huo ninao wa kunitosha. Amenipa daftari dogo la mfukoni la kuwekea kila wazo linalokuja bila kuitwa, ili lisiingie kwenye barua za watu. Nafanya kazi kwa dakika ishirini, nikiwa na saa ya jikoni mezani, kisha nasimama. Barua nikiimaliza naisoma kuanzia chini kwenda juu. Njia hiyo macho yangu hayajaizoea, kwa hiyo hayaruki. Siku moja alinitaka nithibitishe, kama mbele ya hakimu, kwamba mimi ni mzembe. Nikamwambia kwamba kila asubuhi narudi mara nne kuangalia kama nimefunga mlango. Akaandika hilo upande wa utetezi.

Tiba hii haiondoi hali yenyewe, na kuhusu dawa daktari ndiye atakayeamua. Ila kwa wiki mbili nimekosea mara moja tu, nami ndiye niliyeligundua kosa.

Sasa shida yangu. Hali hii huanza utotoni, kwa hiyo mtaalamu hawezi kukamilisha ripoti bila maelezo ya mtu aliyenilea. Mama alikuwa kazini mbali tangu nina miaka sita hadi kumi na miwili. Aliyeniona ni wewe. Tafadhali andika ulichokiona: madaftari na viatu nilivyopoteza, yote niliyotumwa nisirudi nayo. Usinipambe. Na siandiki kukulaumu kwa adhabu za wakati ule. Hakukuwa na mtu wa kukueleza vinginevyo.

Aliniuliza pia kama kuna mwingine katika ukoo. Nilimfikiria mtu anayeweza kukaa na redio moja kutwa nzima bila kula, huku nyingine kumi na moja zikimsubiri zimefunguliwa. Mtaa mzima humwita Bwana Nakuja, kwa sababu husema "nakuja" na hapo ndipo huondoka. Watu walisema ni mvivu. Nilikaa naye miaka sita na sikuwahi kumwona amekaa bure. Sikumtaja. Nilisema nitamwuliza mwenyewe kwanza.

Hilo la pili si lazima ulijibu, wala mwaka huu wala mwakani. La kwanza ndilo lenye tarehe. Naomba uandike siku hiyohiyo utakayoipokea hii, kabla hujaiweka mezani, na mkaza mjomba asimame karibu mpaka jibu liingie kwenye bahasha. Naogopa, Mjomba.

Nisalimie binamu zangu, na bibi ukimtembelea. Yeye usimweleze bado, atashinda akiombea kichwa changu. Mungu akupe nafuu ya mgongo na akuweke.

Ni mimi, mpwa wako akupendaye,
uliyemlea