Mikono ya Gauni la Albina

Chicago, 6 Machi 1927

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimekwisha. Goti la Baba linaendeleaje? Na wale bata bukini, bado wanamfukuza mtu wa posta?

Nina habari. Mimi na Otakar tunaoana tarehe kumi na nane Juni, huko huko Wilber, kanisani kwetu. Otakar anafunga taa za mbele za magari kutwa nzima, na hajawahi kuendesha hata moja. Mimi bado nashona mikono ya kushoto tu ya magauni, kiwandani. Tuko tisa wa kushoto, tisa wa kulia, wengine kola, wengine pindo. Gauni zima naliona nikipita dukani.

Naomba usikasirike. Gauni la harusi nataka kununua, linatoka kiwandani kwetu, namba kumi na sita, na linanikaa vizuri ajabu. Safari hii wewe pumzika.

Binti yako,
Albina

Wilber, 13 Machi 1927

Mwanangu,

Marahaba. Goti la Baba linauma mvua ikikaribia, na bata wanaendelea na kazi yao.

Huyo namba kumi na sita ndiye nani? Miaka thelathini nawashonea maharusi wa mji huu na sijawahi kupima namba. Nampima msichana, namwambia avute pumzi, namuuliza kama atacheza sana au atakaa. Sasa wote wanaagiza magauni ya Chicago kwa kile kitabu cha picha kinacholetwa na posta, kisha wananiletea nirekebishe. Jumapili iliyopita wanawake watatu walikaa benchi moja na gauni la buluu la aina moja. Baba yako kamsalimia Bi Hruska kwa jina la mwenzake.

Kitambaa chako nimekuwekea tangu una miaka kumi na miwili. Ukija na gauni la dukani, mimi siji kanisani. Nitabaki nyumbani na bata.

Mama yako

Chicago, 27 Machi 1927

Mama,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Nililia kwanza, kisha nikalinunua.

Juzi msimamizi kanigombeza mbele ya wote, eti mwisho wa kila mshono narudisha sindano mara tatu, napoteza uzi na muda. Nikamwambia ndivyo nilivyofundishwa na mama yangu. Akasema mama yangu haajiriwi hapa. Akigeuka, narudisha.

Gauni nitalivaa. Nakuomba uje. Bila wewe sitaweza kuingia mlangoni.

Albina

Wilber, 5 Juni 1927

Albina mwanangu,

Hujambo? Sisi wazima. Miezi miwili nimekunyamazia, na Baba yako amenuna kwa ajili hiyo, mtu anayependa kusema namna ile.

Jana Bi Hruska kaniletea lile gauni lake la buluu, linambana kwapani. Mkono wa kulia niliuvuta uzi mara moja, ukaachia wote. Wa kushoto ukagoma. Nikavaa miwani. Mwishoni mna mishono mitatu ya kurudi, wa mwisho umeinama kidogo kwenda chini, kama ulivyoinamisha tangu una miaka saba, nikachoka kukusahihisha. Nikakaa chini nikalia. Bi Hruska akadhani nimemharibia gauni.

Leo baada ya misa nimewashika wale wenzake wawili wa gauni la buluu mlangoni, nikawainulisha mikono. Mkono wa kushoto wa mmoja ni kazi yako, wa mwingine si yako. Padri kaniuliza kama naumwa. Nikamwambia, "Binti yangu hajafika bado, lakini kazi yake imefika misa kabla yake."

Lete gauni lako. Nitakuja. Naomba kitu kimoja tu, mkono wa kulia niufumue niushone mimi. Wa kushoto usiguswe.

Mama yako

Chicago, 9 Juni 1927

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mara nyingi, na Baba msalimie, mwambie sasa aseme.

Nilicheka na kulia mpaka Otakar akadhani nimebadili nia. Kisha nikaligeuza gauni langu ndani nje. Mama, mkono wa kushoto si wangu. Ni wa Gertrude wa meza ya pili, namjua kwa mishono yake ya kuruka.

Basi nimefumua yote miwili. Nafika Jumatano na gauni lisilo na mikono. Kitoe kile kitambaa ulichoniwekea, uweke viti viwili dirishani. Wewe utashona wa kulia, mimi wa kushoto. Ila usikate kitu kabla sijafika. Nataka unipime, uniambie nivute pumzi.

Binti yako,
Albina