Mama Odeta, Wakili Uliyeuawa Mlangoni kwa Bibi Paskazia

Mwaka wa tatu umetimia, Mama Odeta, tangu mapanga yalipokatisha maisha yako kule Misungwi, Septemba 1994.

Ulitoka Bukoba ukaolewa kwa Wasukuma. Ukirudi mahakamani ulivua joho, ukaketi jikoni kwetu Mkolani ukimenya ndizi na kuwasikiliza wajane waliokuja bila miadi. Hukumkatiza mtu kauli.

Miaka hiyo vikongwe walikatwakatwa kama wachawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni tu. Bibi Paskazia aliitwa mchawi na shemeji yake, Masalu, aliyelitaka shamba la pamba aliloachiwa na mumewe. Ulimtetea mahakamani, shamba likabaki kwake. Masalu akatoka akitangaza kwamba bibi hatavuna.

Ulimwomba Baba Odeta akupeleke mkamchukue. Bibi alikuwa akifunga mzigo wake Masalu alipoingia uani na wenzake, mchana kweupe. Ulisimama mlangoni. Mmoja wao, kwa mazoea tu, alikuamkia shikamoo, panga mkononi, nawe ukaitikia. Masalu akasema hana ugomvi nawe, upishe.

“Sipishi,” ulimwambia. “Huyu ni mama wa watu.”

Panga la kwanza liliukata mkono ulioshika mwimo. Hukupisha. La pili likakupata shingoni. Baba Odeta alikuwa amemtoa bibi kwa dirisha la nyuma, amembeba mgongoni, akasikia ukianguka. Ulikuwa umemwagiza asigeuke mpaka amfikishe kwa majirani. Hakugeuka. Aliporudi ulikuwa huna kauli, na miimo yote miwili ya mlango ilikuwa imetapakaa damu. Mpaka leo huamka akipiga kelele.

Kesi iliposikilizwa, wakili wa Masalu alimuuliza bibi kama macho yale yanaona vizuri.

“Yanauma,” bibi alijibu, “lakini yalimwona.” Akamnyooshea Masalu kidole.

Masalu alihukumiwa kunyongwa. Hatukushangilia. Bibi amevuna pamba yake msimu huu, na hakuna aliyemgusa.

Odeta ameanza kusoma sheria. Tulimkatalia, tukamsihi. Akamuuliza baba yake kama angekukatalia na wewe siku ile. Baba yake akainuka, akaenda kumfungia mizigo.

Unakumbukwa na mumeo Nathaniel Masele, wanao Odeta na Mayala, dada yako Kokulinda, na Bibi Paskazia.

Hatutakusahau, Mama, maisha yetu yote.