Madigadi Uliyosema Ikatwe

Nyumbani kwetu,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

U hali gani huko uliko? Wifi yangu hajambo? Na wale watoto, yule wa kwanza kikohozi kimemwacha? Nauliza kwa moyo mmoja, maana hasira niliyonayo ni yako wewe, wao haiwahusu. Mimi ni mzima wa mwili. Cherehani inazunguka, sare za shule zimejaa mpaka kitandani, na paa halijavuja mvua hizi. Salamu zimekwisha. Sasa kaa vizuri unisome.

Uliambiwa Mama aliteleza kwenye pikipiki. Aliyekuambia ni mdogo wetu Bingwa, na wewe ukaliamini neno hilo kwa sababu lilikufaa. Mama hakuteleza. Nilikuwa naendesha mimi, na nitakueleza tangu mwanzo, usije ukasema hukuambiwa.

Unaikumbuka pikipiki ya marehemu Baba, aliyozunguka nayo nyumba kwa nyumba akisoma mita za maji. Unaikumbuka madigadi yake ya nyuma, lile bati zito lililofunika tairi mpaka chini, na pembeni ule wavu wa chuma. Wavu ule Baba aliufunga kwa mikono yake kwa sababu Mama hukaa upande, na hajawahi kuvaa kitu kinachoishia juu ya kifundo cha mguu. Miaka yote ile nguo yake haikugusa gurudumu. Tangu Baba aondoke naiendesha mimi, napeleka sare mashuleni na kumfikisha Mama anakotaka.

Basi mdogo wako huyo, mtu mzima wa miaka ishirini na tisa, mwenye ndevu na kazi yake kiwandani, akaamua kuwa pikipiki imezeeka sura. Ulimtumia video ya watu waliokata madigadi zao zikabaki fupi kama mkia wa sungura. Akakuuliza akate wapi. Jibu lako nimelisoma kwa macho yangu kwenye simu yake: "Kata mpaka kwenye taa. Na huo wavu wa kizee utoe, unaharibu shepu."

Jumamosi nilirudi kutoka sokoni nikakuta ua mzima unanuka chuma kilichoungua. Alikuwa ameazima grenda ya kukatia chuma kwa jirani yetu fundi wa kuchomelea, bila kumwambia anakwenda kukata nini. Kaegemeza pikipiki ukutani, kakata bila kupima, ukingo umekwenda kombo kama umetafunwa. Taa ya nyuma kaifunga kwa vikamba vya plastiki. Namba inaning'inia kama hereni. Na kile kipande alichokata, bati alilolisugua Baba kila wiki mpaka likang'aa, kakifanya mfuniko wa banda la kuku! Yeye amesimama pembeni anapiga picha akutumie. Ukamjibu kwa vidole gumba vitatu.

Nilimfokea mpaka majirani wakafungua madirisha. Akanijibu, "Dada, ni urembo tu. Inatembea vilevile." Nikamsimamia akafunga taa kwa bolti, na namba pia, nikaona yamekwisha. Na hapa hasira inanigeukia mwenyewe. Mimi, fundi cherehani mwenye miaka kumi na sita kazini, niliangalia taa, nikaangalia namba, kwamba wavu haupo sikuona, wala nguo sikuifikiria.

Jumatatu asubuhi Mama alikuwa na miadi ya macho. Akapanda, akakaa upande kama siku zote, akalikusanya gauni lake chini ya mapaja, lile la kahawia nililomshonea mwaka jana. Tulikwenda polepole. Kwenye kona ya duka la dawa nikasikia kitambaa kikichanika, sauti ninayoijua kuliko ya mtu yeyote, kisha Mama akaniita mara moja tu, na uzito wake ukatoka mgongoni kwangu.

Nilisimama. Gauni lilikuwa limejisokota kwenye spoki kuanzia upindo mpaka karibu na kiuno. Mama amelala ubavu, mkono wa kulia chini yake, ananitazama kama mtu aliyefanya kosa. Wapita njia wakaanza kumvuta. Nikawapigia kelele waache, nikatoa mkasi mkobani, nikalikata gauni pale kiunoni, mshono wangu mwenyewe, huku yule mama muuza dawa akimfunika kwa koti lake jeupe. Kifundo cha mkono kimevunjika mahali pawili. Daktari alisema tungekuwa na mwendo zaidi kidogo, gurudumu lingemvuta mwili mzima. 

Mkono wa kulia, mdogo wangu. Mkono wa mpiga chapa. Ndio uliotusomesha wote watatu. Sasa anabonyeza mashine yake ya chapa kwa kidole kimoja cha kushoto, barua ya mtu ya mistari kumi inamla asubuhi nzima, na ukimsogelea umsaidie anakuondoa kwa kiwiko.

Lakini si mkono ulionifanya nishike kalamu. Ni simu yako. Ulimpigia jioni ileile ukamwambia, "Mama, kwa umri huo, ukipanda pikipiki uwe unashika vizuri." Ulijua wavu umetolewa. Picha ulikuwa nayo! Na Bingwa amekaa chumba hichohicho, anasikia, kimya kama gogo. Wiki mbili nzima Mama alizunguka humu ndani akituomba radhi. Aliniomba radhi mimi kwa ajili ya gauni. Alimwomba radhi Bingwa kwa kumkosesha kazi siku moja. Akaacha kwenda dukani peke yake, akaanza kushika ukuta akitembea, eti mwili haumtii tena. Nami nilidhani upindo ulimponyoka tu, wavu bado sikuukumbuka. Mama yetu, anayetembea kama askari wa gwaride! Mlimfanya ajione kikongwe ili ninyi wawili msionekane wajinga. Sijui jina la jambo hilo, ila kila nikilifikiria navunja sindano.

Bingwa alishindwa kwanza. Mama alikuwa amemwomba amtafutie fimbo ya kutembelea. Nikamkuta nyuma ya nyumba amechuchumaa, fimbo mkononi, analia. Akanipa simu. "Soma, Dada. Mimi siwezi kuyasema." Nikasoma, nikaenda moja kwa moja kwa Mama, nikamsomea kwa sauti, neno kwa neno, mpaka vile vidole gumba vyako nikamwelezea.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Waliutoa ule wavu wa baba yenu?"

"Waliutoa, Mama."

"Kwa hiyo si mimi."

"Si wewe."

Machozi yakamshuka. Kisha akasimama, bila kushika ukuta, akasema Jumamosi pikipiki iletwe uani na fundi wa kuchomelea aitwe.

Ungekuwepo ungeona kazi inavyofanywa. Mimi nilikata mchoro wa karatasi ngumu, nikaulaza juu ya tairi kama ninavyoupima mkono wa koti, nikaacha nafasi ya vidole vitatu ili tairi ikipanda kwenye shimo isiguse bati. Fundi akakata bati jipya kwa kufuata karatasi. Bingwa akalikunja, akatoboa, akapiga tupa kila ukingo. Nondo za wavu alizipinda yeye. Mama amekaa kwenye kiti, mkono umening'inizwa shingoni, anaingiza vidole vya kushoto kwenye kila uwazi. "Panapita," anasema, na Bingwa anafungua nati zote anaanza upya. Mara tatu! Fundi akachoka kwa niaba yake, Mama hakuchoka.

Ilipokwisha, Mama akaingia ndani akatoka na gauni lake refu kuliko yote. Akamwambia Bingwa, "Vaa. Kaa kama nilivyokaa mimi."

Nilidhani anatania. Hakutania. Bingwa akalivaa juu ya suruali, ndevu zote zile, akapanda kiti cha nyuma akakaa upande. Watoto wa jirani wakaanguka kwa kicheko, hata fundi akageukia ukutani. Pikipiki imesimama kwenye stendi, gurudumu liko hewani. Nikawasha, nikaingiza gia. Upindo ukapepea, ukagonga wavu, ukarudi. Ukagonga tena. Nikaongeza moto, na nikaona uso wa Bingwa unabadilika. Alikuwa anazitazama spoki zinavyozunguka upana wa kiganja kutoka kwenye mguu wake. Aliposhuka hakucheka na mtu. Akapiga magoti na gauni lile, akaulaza uso wake kwenye magoti ya Mama, na Mama akamwekea mkono mzima kichwani. 

Hayo ni ya Bingwa. Yako bado.

Tangu siku hiyo umepiga mara tano, na mimi umeniandikia kuwa mtandao wa huku mbovu. Mtandao ni mzima. Simu ikilia Mama anaiinua, analisoma jina lako, anailaza kifudifudi mezani, anarudi kwenye mashine yake. Aliniuliza swali moja tu: "Yule wa mbali, anajua kwamba najua?" Sasa unajua. Niambie siku na saa utakayopiga kumwambia kweli, nami nitakaa karibu naye nimwombe apokee. Nitamwomba mara moja tu. Usipoteze nafasi hiyo kwa kuniuliza hali ya hewa.

Mjomba fundi saa anakusalimu, hajui lolote. Fundi wa kuchomelea anakusalimu, naye anajua yote. Bingwa ameniambia nikusalimu kisha akaniambia niache, basi ipokee nusu. Wifi mkumbatie, na wanao waambie shangazi yao amewashonea mashati, yatakuja.

Mungu akulinde barabarani na akulainishie ulimi.

Wako akupendaye hata nikiwa na hasira hizi,
Dada yako.