Piano Nisiyoipiga

Jumatatu, 3 Machi

Stima ilipotea tena asubuhi. Iliporudi, tableti inayoendesha piano ya hoteli ilikuwa imesahau ratiba yote. Nikapanga upya. Saa moja hadi saa tatu, nyimbo za dini, watu wakinywa chai. Saa tano hadi saa saba, kimya: kuna kamati ya mazishi inakutana ukumbini, na wiki jana piano iliwaanzia wimbo wa harusi. Kosa langu. Saa saba hadi saa tisa, nyimbo za polepole, na mimi kwenye kiti.

Hicho kiti kitaniua. Meneja anasema wageni hawapendi kuona piano inajipiga kama iko na mapepo. Basi mimi, karani wa mapokezi, navaa gauni jeusi, naweka vidole juu ya vibonye na kuvifuata vinapojishusha. Kupiga sijui hata wimbo mmoja.

Jumatano, 5 Machi

Binamu yangu Njeri alikuja kula hapa, akanirekodi, akatuma kwa kundi la familia. Mama amepiga simu kutoka Mukurweini akilia kwa furaha. Ati hakujua Mungu amenipa kipawa kama hicho. Ati nani alinifundisha? Nikasema nimejifunza tu hapa kazini. Ilitoka hivyo. Mwongo mkubwa mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Mama ameonyesha akina mama wote wa kanisa hiyo video. Wanataka niwapigie siku ya shukrani. Nimeshika simu mara tatu nimwambie ukweli, nikaiweka.

Ijumaa, 7 Machi

Mama anakuja kesho kuniona. Na wenzake wawili! Nimeomba meneja anipe ofu, amekataa. Kuna wageni wengi.

Nimewaza kuweka kimya mchana wote, niseme imeharibika. Nimefungua ratiba, nimeifunga. Siogopi kufutwa. Naogopa uso wake.

Jumamosi, 8 Machi

Heri ningezimia.

Saa saba na nusu. Ukumbi umejaa. Niko kwenye kiti, vidole vinakimbia, mlango nimeupa mgongo. Mara nasikia naitwa. Mama yuko kando yangu, na kitambaa chake cha kanisa, amenyoosha mkono.

Nani husalimu mama yake akiwa ameketi? Nikasimama. Sikufikiria hata kidogo. Nikampa mikono yote miwili.

Piano ikaendelea.

Wimbo ulikuwa katikati. Vibonye vikashuka, vikapanda, kiti kitupu. Mtu mmoja akacheka kwa sauti. Wale wenzake Mama waliangalia piano, wakaniangalia, wakaangalia sakafu. Mama hakuachilia mikono yangu. Akauliza polepole, "Na sasa ni nani anapiga?"

Walikunywa chai haraka, wakaenda. Meneja akaniashiria nirudi kwa kiti. Nikarudi, nikaweka vidole, na kila mtu sasa anajua. Aibu tupu. Namchukia meneja. Najichukia zaidi.

Jumapili, 9 Machi

Mama hashiki simu. Nimepiga mara saba.

Jumatatu, 10 Machi

Bado.

Meneja amesema kiti kiondolewe, wageni wanarekodi video za kunicheka. Nilidhani nitafurahi.

Jumatano, 12 Machi

Leo ameshika. Nimemwambia yote bila kuzunguka: tableti, ratiba, kimya cha kamati ya mazishi, gauni, kiti. Nikasikia ng'ombe akilia huko nyuma.

Kumbe Jumapili alisimama mbele ya akina mama akawaambia binti yake hapigi piano, wasimngoje siku ya shukrani. Alisimama peke yake. Mimi nilikuwa huku, nimevaa gauni.

Halafu akauliza: huko kupanga ni wimbo gani upigwe na saa ngapi, nani hufanya? Nikasema ni mimi. Wewe peke yako? Ndiyo, Mama. Hata wale wa msiba, wewe ndiye uliwawekea kimya? Ndiyo.

"Na hiyo si kazi? Mbona hukuniambia hiyo?"

Kisha akasema anaenda kukama ng'ombe.