Majoka ya Mama

Jumatatu, 3 Machi
Nimemgeuza Mama saa kumi na mbili asubuhi. Nikamwosha, nikampaka mafuta mgongoni. Uji wa ulezi nusu kikombe. Dawa ya presha. Wiki ya tano tangu kiharusi kimlaze upande wa kulia, wiki ya tatu tangu nimtoe kwake Kihesa, Iringa, nimlete hapa Soweto, Mbeya. Mvua haiachi. Nguo hazikauki. Na mimi kichefuchefu tu. Mimba ya tatu, mwezi wa tatu. Mume wangu yuko Zambia na lori, nimemwambia asimwambie mtu. Mbili za kwanza tulizitangaza mapema, zote zikaharibika.

Jumatano, 5 Machi
Nimefuta vumbi chombo cha maua cha Mama. Nguo zake alizisahau Kihesa, hicho hakukisahau. Safari nzima ya basi alikipakata kwa mkono wake mmoja mzima, kimefungwa kwenye kitenge. Kauri nyeupe, majoka mawili yanakimbizana, moja jekundu, moja kijani, rangi zinang'aa kama zimepakwa jana. Kumbe ni cha kale. Padri mmoja mgeni aliwahi kukigeuza akaangalia alama za chini. Akasema kimetoka China, na kina umri mkubwa kuliko babu yake.

Mama alikuwa yaya kwa mzungu wa tumbaku. Familia ile ilipohama, kila mtumishi aliambiwa achague kitu kimoja. Mpishi akachukua baiskeli. Dobi, cherehani. Mama akachukua chombo cha maua. Walimcheka mpaka wakachoka. Husema ndicho kitu pekee alichowahi kuchagua mwenyewe. Hata mume alichaguliwa.

Jumamosi, 8 Machi
Wanamaombi wa mtaani walikuja kumwombea Mama. Kiongozi wao, Mama Neema, hata chumbani hakufika. Alisimama sebuleni anakitazama chombo. Kisha akanitazama mimi, akaniuliza kama nina mimba. Akafungua Ufunuo, sura ya kumi na mbili. Joka limesimama mbele ya mwanamke anayetaka kuzaa, linangoja kumla mtoto.

"Dada, wewe umelikaribisha sebuleni kabisa," akasema. "Tena sio moja. Mimba mbili, majoka mawili. Si unafundisha hesabu? Hesabu mwenyewe."

Mimba zile ziliharibika chombo kikiwa bado Iringa. Nililiwaza hilo palepale. Sikulisema. Niliogopa.

Jumapili, 9 Machi
Nimefanya. Uani, baada ya ibada, Mama akiwa amelala. Mimi na wanamaombi tulikitia kwenye moto wa kuni. Hakikuungua. Kitu kilichozaliwa motoni kitaungua vipi? Tulipokitoa na kufuta masizi, majoka yaling'aa vilevile. Wanawake wakapiga yowe, eti huo ndio ushahidi. Tukazidisha kuimba. Mama Neema akanipa mchi wa kinu. Alisema lazima uwe mkono wangu. Nilipiga mara tatu. Vipande tumevitumbukiza chooni, kwenye shimo.

Nilijisikia mwepesi. Naandika ukweli. Kwa muda wa saa nzima nilijisikia mwepesi.

Jumatatu, 10 Machi
Mama ameuliza chombo kiko wapi. Maneno yake siku hizi yanatoka nusunusu, ila hilo lilitoka zima. Nimemwambia nimekifungia kabatini kisije kikavunjika. Akanitazama.

"Haya," akasema.

Alhamisi, 13 Machi
Ameuliza tena. Jana pia. Juzi pia. Kila siku baada ya uji, swali lilelile, bila ugomvi. Leo nimesema ufunguo wa kabati mume wangu ameondoka nao. Mtu mzima mimi, mwalimu, ninayewachapa watoto wa watu kwa kusema uongo.

Ijumaa, 21 Machi
Imetoka. Ilianza juzi nikiwa darasani, ubaoni. Nimeruhusiwa leo hospitali. Daktari anasema haoni sababu, hutokea. Hutokea! Nilivunja chombo cha mama yangu, na imetoka.

Mama Neema ametuma ujumbe kwamba huenda kuna kipande kilibaki uani. Nimeizuia namba yake.

Mama aliniita nikae kitandani kwake. Amenisugua mgongo kwa ule mkono mzima, mpaka ukachoka, akapumzika, akaendelea. Chombo hakukiuliza. Afadhali angenipiga.

Jumapili, 23 Machi
Nimemwambia. Moto, mchi, choo. Yote.

Akajibu, neno mojamoja:

"Nilikuwa macho. Nilisikia. Sauti yako ndiyo ilikuwa juu kuliko zote."

Wiki mbili nzima alikuwa anajua. Nikamwuliza, sasa Mama, mbona ulikuwa unaniuliza kila siku?

"Nilikuwa nakupa nafasi, mwanangu."

Nimelia mbele yake. Hakuunyanyua mkono kunisugua mgongo. Nilipomaliza akasema anataka kurudi kwake Kihesa.

Jumamosi, 29 Machi
Kihesa. Tumefika jana. Mama Mdogo, mdogo wake wa kuzaliwa, alitupokea mlangoni. Kamwene, kamwene, wakasalimiana kwa lugha ya kwao. Mama akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu augue. Tumemweka karibu na dirisha. Mama Mdogo atakaa naye. Mimi narudi Mbeya kesho kutwa.

Leo nimefua mashuka yote. Nimepika majani ya maboga kwa karanga, anavyopenda. Amekula vizuri, kalishwa na mdogo wake.

Mchana alitaka maji. Nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda, jagi liko mkononi mwangu. Macho yake yalinipita yakaenda mlangoni. Akamwita Mama Mdogo, aliyekuwa nje anaanika mahindi. Alipomwita mara ya pili ndipo aliposikia. Akaja anajifuta mikono.

Nikampa jagi, nikasimama, nikampisha.