Vidonge Havikukuua, Mama

Mama,

Shikamoo. Nimekaa kizingitini, daftari la kisomo liko magotini, na leo kifua changu kiko wazi. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla ya habari za mvua na za majirani.

La pili ni hili: watu wanasema vidonge ndivyo vilivyokuua. Nimewakatalia. Nimewakatalia msibani, nimewakatalia kisimani, nimewakatalia hata mkutanoni mbele ya Mwenyekiti. Nitakueleza yote, ila niache nianze mbali kidogo, maana kuna jambo sikuwahi kukuambia ukiwa hai.

Unaukumbuka mwaka ule tulipohama Ng'ambo kule mjini kuja huku kijijini? Baba alikuwa amefariki, nawe ukasema heri jembe lako kuliko sahani ya mwenzio. Pumu ulikuwa nayo tangu utoto, na miaka ile yote ya kukaanga maandazi juu ya moshi wa kuni ilikuwa imekimaliza kifua chako. Kengele ikigongwa alfajiri, tunakwenda shamba la kijiji. Wenzako wanalima, wewe unalima matuta matatu, kisha unakaa chini, mkono kifuani, pumzi inalia kama birika. Siku moja Mzee Salumu, Mwenyekiti wetu, akasimama mbele yako akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Katika kijiji cha ujamaa hakuna nafasi ya kupe."

Watu wakacheka. Mimi nikainamisha kichwa. Mama, nisamehe. Siku ile sikumwonea aibu yeye. Nilikuonea aibu wewe.

Kesho yake ulikwenda zahanati peke yako, kwa miguu, unapumzika kila baada ya hatua chache. Ulirudi jioni na kichupa cha aminofilini, vidonge vya pumu, na maneno ya mganga umeyashika kama sura ya Kurani: kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya kula, siku unayobanwa na siku usiyobanwa. Nikakuuliza, mtu ameze dawa na hali haumwi? Ukanijibu, "Mlango hufungwa mwizi hajaja, Zuhura. Akishaingia, kilichobaki ni kelele."

Havikuwa vidonge vya raha. Wiki ile ya kwanza mikono ilikutetemeka hadi ukamwaga chai mapajani. Moyo ulikwenda mbio, tumbo likachafuka, usingizi ukapotea. Bi Siwema jirani akakushauri uache. Hukuacha. Ulirudi kwa mganga ukamweleza kila kitu bila kuficha, akakupunguzia, ukaanza na nusu, ukapanda polepole mpaka mwili ukazoea.

Na ile asubuhi, mama! Ile asubuhi nitaisimulia mpaka mwisho. Tuta lako lilikuwa la mbali kabisa, karibu na njia ya Kwihara. Mzee Salumu akapita upande wa pili. Ukanyoosha mgongo, ukavuta pumzi hadi chini, ukapaza sauti shamba zima: "Mwangaluka, Mwenyekiti! Kupe ameamka!" Wanawake walicheka mpaka wakashikilia majembe wasianguke. Yeye alijibu salamu hiyo ya asubuhi akaenda zake.

Kisha ikaja zamu yangu. Nilikuwa na miaka kumi na saba kifua kilipoanza kunibana, na mganga akaniandikia vilevile kama vyako. Unakumbuka nilivyoogopa nikameza vitatu kwa mpigo? Nilitapika, moyo ukanidunda masikioni, nikadhani nakufa. Ulinishika mgongo, hukunigombeza. Ulisema tu, "Kidonge hiki si pipi, wala si hirizi. Kikupe kiasi chake, nawe ukipe saa yake." Tangu siku hiyo tulimeza pamoja, asubuhi na jioni, kila mtu na kikombe chake cha uji.

Halafu zikaja mvua za mwaka huu. Barabara ilikatika, lori la dawa halikufika, zahanati ikaishiwa. Mimi kichupa changu kilikuwa na vidonge vichache, lakini kila nilipokifungua nilikuta bado vipo. Nilishangaa kidogo, basi. Nilikuuliza kama unavyo vyako. Ukasema, "Ninavyo, mwanangu, wewe meza." Nikameza.

Nilimeza, Mama.

Asubuhi uliyoondoka ulikuwa unawasha moto wa uji. Nilisikia pumzi kabla sijakuona. Nilikimbia matopeni hadi kwa mganga, akaja na sindano yake mbio, naye ni mtu mzima. Tulikukuta umeegemea ukuta. Midomo yako sitaiandika hapa.

Shangazi Mwajuma alifika na treni kutoka Igalula. Alilia kwa uchungu wa kweli, simnyimi hilo. Lakini siku ya tatu, watu wamejaa ndani, akaokota kichupa changu juu ya kabati akakiinua. "Hivi ndivyo vilivyomchosha moyo wifi yangu. Kila siku, kila siku, kama anakula njugu. Zuhura, kavitupe chooni kabla hujamfuata." Nikakipokea. Mama, nilitoka nje nikiwa na nia ya kuvitupa. Na mimi nilikuwa nimevikasirikia.

Bi Siwema alinikuta nyuma ya nyumba. Alinishika kiganja na mikono yake yote miwili, akaniambia alichokuapia kwamba hatakisema. Ya kwamba nilipokwenda kisomo ulikuwa unamimina vidonge vyako ndani ya kichupa changu. Ya kwamba alikusihi, ukamwambia, "Mimi pumzi nimeshavuta nyingi." Ya kwamba ulikaa siku tisa bila kumeza chochote, na kila jioni ulikuwa unainua kikombe mbele yangu na kiganja kitupu.

Basi nilirudi ndani. Nikachota uji, nikala, nikameza kidonge mbele yao wote, kisha nikawaambia: "Mama hakufa kwa kumeza. Alikufa kwa kukosa." Shangazi aliondoka bila kuniaga. Ataniaga siku nyingine, au asiniage.

Lakini na wewe nina ugomvi. Hukuniuliza! Ungeniuliza tungegawana, tungekata nusu nusu, tungekwenda pamoja hospitali ya mjini hata kwa kubebwa kwenye machela. Ulifanya uamuzi wa watu wawili peke yako. Nakupenda, na nimekasirika, na yote mawili ni ya kweli.

Hasira hiyo niliipeleka mkutanoni. Mzee Salumu alikuwa anasoma mambo ya mbolea. Nikasimama. Akasema, "Binti, kaa, zamu ya maswali bado." Nikasema, "Sikai. Mama yangu naye alisubiri zamu." Nikawaambia mbolea ya shamba tunaiagiza kabla ya mvua, kwa sababu tunajua barabara itakatika. Pembejeo tunajua. Pumzi hatujui? Kuna watu hapa wanaishi kwa dawa ya kila siku. Waandikwe majina, dawa zao ziletwe kabla ya masika.

Wapo walioguna. Mmoja alisema nani ataoa msichana mwenye pumu anayepigia wazee kelele. Nikamjibu kwamba huyo mwoaji naye hajaombwa. Bi Siwema ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza kuniunga mkono, akafuata mganga, ikafuata safu yote ya wanawake.

Sasa daftari la wenye vifua vibovu lipo zahanati. Nimeliandika mimi, kwa mwandiko wangu wa kisomo. Tuko kumi na mmoja. Wa kumi na moja alikuja juzi, kofia mkononi, akikohoa kikohozi kile cha miaka mingi ya tumbaku. Alisema, "Binti yangu, vile vidonge vya mama yako... vinamezwa vipi?" Alikuwa Mzee Salumu, nami nikakutafutia neno la kulipiza kisasi. Kisha nikamwambia aende kwa mganga ampime kwanza, aache tumbaku, ameze baada ya kula, asiongeze kwa hofu wala kupunguza kwa nafuu. Nikamwambia mikono itatetemeka. Akasema asante. Halafu akasema, "Mama yako nilimkosea." Ningetamani ungelisikia kwa masikio yako.

Mama, Mwenyezi Mungu akupe pumzi pana huko uliko, isiyo na kipimo wala saa. Mimi jioni hii nitakula, nitameza changu bila kujificha, na kesho nitalima. Wakinihesabia siku, waache wahesabu. Nakuahidi kitu kimoja tu: nitazeeka.

Mwanao,
Zuhura